Mustang ya 1967: mngurumo usikudanganye
Wasee, binamu yangu huko Texas anataka kumaliza akiba yake kwa Ford Mustang ya 1967. Rangi imechujuka, viti vimeraruka, lakini injini inanguruma vibaya sana.

Nimemwambia azime injini kwanza. Injini hutengenezeka, kutu ndiyo hukula mfuko. Inua kapeti uguze sakafu, maji hupenya pale chini ya kioo cha mbele. Pitisha sumaku kwa bodi; isiposhika, hapo pamezibwa. Soma nambari ya chesisi: alama ya tano ikiwa T, gari ilitoka kiwandani na silinda sita. Muuzaji akiapa V8 ni ya asili, anakubeba ufala.

Sura mbaya naivumilia. Make-up kwa kutu, zii. Nyinyi mngemwambia aje?