Mpaka upi ni wa haraka? Barabara za kwenda Kenya kuelekea AFCON 2027

Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa pamoja wa Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027. Katika maandalizi hayo mjadala mkubwa umekuwa juu ya viwanja, ukiwemo ule unaojengwa Olmoti jijini Arusha wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 30,000. Barabara zitakazowapeleka mashabiki kutoka nchi moja hadi nyingine zimezungumzwa kidogo zaidi, ilhali Arusha na Nairobi zimetenganishwa na kilomita zisizofikia 280 za lami na mpaka mmoja. Shabiki mwenye gari dogo anaweza kutazama mchezo Arusha leo na mwingine Nairobi kesho. Kitakachoamua kama atafika kabla ya filimbi ya kwanza ni saa atakazozipoteza, au kuziokoa, mpakani.

Swali la mpaka wa haraka halikuzaliwa na mpira wa miguu. Wafanyabiashara, familia zenye ndugu pande zote mbili, wagonjwa wanaofuata matibabu na wazazi wanaopeleka watoto shule hulijibu kila wiki, mara nyingi kwa mazoea tu. Mazoea hayo yamepitwa na wakati katika maeneo kadhaa, kwa kuwa barabara na vituo vya mpakani vimebadilika sana ndani ya miaka kumi iliyopita.

Badiliko kubwa kuliko yote ni Vituo vya Huduma kwa Pamoja Mpakani. Zamani msafiri alisimama mara mbili: aligonga muhuri wa kutoka upande mmoja, akavuka, kisha akapanga foleni upya upande wa pili. Chini ya utaratibu wa sasa, uliowekewa msingi wa kisheria na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, na jengo hilo huwa katika nchi anayoingia msafiri. Anayetoka Tanzania kwenda Kenya hupita upande wa Tanzania bila kukamilisha taratibu hapo, na hukamilisha kutoka na kuingia upande wa Kenya. Anaporudi, yote hufanyika upande wa Tanzania. Jambo hili ni jepesi kueleza, lakini bado lipo miongoni mwa vyanzo vya upotevu wa muda. Madereva waliozoea utaratibu wa zamani huegesha upande usiohusika, huulizia dirisha lisilokuwepo, na huangukia mikononi mwa vishoka wanaodai malipo kwa kazi ambayo maofisa huifanya bila mtu wa kati.

Kwa mpaka wa Tanzania na Kenya, vituo vya aina hiyo ni Namanga, Holili na Taveta, Horohoro na Lungalunga, pamoja na Sirari na Isebania. Holili kilizinduliwa Februari 2016. Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 1, 2018 na Hayati Dkt. John Pombe Magufuli pamoja na Rais wa Kenya wa wakati huo, Mhe. Uhuru Kenyatta.

Namanga ndicho kituo kinachojulikana zaidi, na kwa safari ya Arusha kwenda Nairobi hakina mshindani wa kweli. Kutoka Arusha ni takriban kilomita 110 kupitia Longido, na kutoka Namanga hadi Nairobi ni takriban 165 kupitia Kajiado na Kitengela. Hata msafiri wa Dar es Salaam anayekwenda Nairobi huhesabu takriban kilomita 915 kwa njia hii, ikilinganishwa na takriban 1,000 akizunguka kwa Horohoro na Mombasa. Kituo hufanya kazi saa 24. Udhaifu wake unatokana na umaarufu wake: mabasi madogo yanayofanya safari kati ya Arusha na Nairobi huondoka kwa saa zinazofanana, hivyo abiria wengi hufika mpakani kwa mkupuo. Msafiri binafsi anayetangulia mkupuo huo kwa nusu saa huhudumiwa mapema. Anayefika nyuma yake husubiri foleni ya abiria wa mabasi kadhaa. Malori nayo hutisha kwa macho kuliko kwa saa, kwa sababu taratibu za mizigo ni tofauti na za abiria, na foleni ndefu ya malori kandokando ya barabara haina maana kwamba dirisha la Uhamiaji limejaa.

Kilichosahaulika mara nyingi ni kwamba baada ya Namanga ucheleweshaji mkubwa hauko mpakani tena. Uko Kitengela, Athi River na Mlolongo, ambako barabara ya Namanga hukutana na msongamano wa magari ya Mombasa na wakazi wa viunga vya Nairobi. Barabara ya juu ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27 na iliyofunguliwa mwaka 2022, imepunguza adha hiyo kwa aliye tayari kulipa. Anayefika Kitengela jioni ya siku ya kazi anaweza kupoteza hapo muda mrefu kuliko alioutumia kugonga muhuri. Kwa hesabu ya saa, kuondoka Arusha alfajiri kuna faida kubwa kuliko kubadilisha mpaka.

Holili ni mfano wa kituo ambacho thamani yake ilibadilishwa na barabara iliyo ng'ambo. Kwa miaka mingi kipande cha Taveta hadi Voi, takriban kilomita 110, kilikuwa cha vumbi na mashimo, na msafiri wa Moshi aliyetaka kwenda Mombasa aliona heri ashuke hadi Segera, apite Tanga, kisha Horohoro. Lami ya Taveta hadi Voi iligeuza hesabu hiyo. Leo Moshi hadi Mombasa kupitia Himo, Holili, Mwatate na Voi ni takriban kilomita 300, wakati mzunguko wa Tanga unazidi 500. Bado wapo wanaozunguka. Angalizo la njia hii ni wanyamapori: sehemu yake hukatiza eneo la Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na tembo hawatambui ratiba ya mtu. Kuipita mchana ni jambo la usalama kuliko la haraka.

Horohoro ni mpaka wa pwani. Barabara ya Tanga hadi Horohoro ina urefu wa kilomita 65 za lami, na kutoka Lungalunga hadi Mombasa ni kilomita zinazozidi 100 kidogo kupitia Ukunda. Dar es Salaam hadi Mombasa kwa njia hii ni takriban kilomita 520. Kwa muda mrefu kikwazo chake hakikuwa mpaka bali kivuko cha Likoni, ambako gari lingeweza kukaa kwenye foleni kwa muda unaotosha kumaliza taratibu za Uhamiaji na Forodha mara mbili. Barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha pwani ya kusini na barabara kuu ya Nairobi upande wa Miritini, imempa msafiri njia ya kupita bila kivuko. Kwa upande wa Tanzania, anayeishi kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam hahitaji tena kupita Chalinze. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata humtoa moja kwa moja kwenye barabara ya Segera. Barabara ya Bagamoyo, Makurunge, Saadani, Pangani hadi Tanga, inayojengwa kwa awamu ikiwa sehemu ya ushoroba wa pwani kutoka Malindi, ikikamilika itaifanya Horohoro kuwa karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko wakati wowote uliopita.

Kanda ya Ziwa hesabu ni fupi. Kwa wakazi wa Mwanza, Mara, Geita na Simiyu, Sirari ndiyo njia, iwe wanakwenda Kisumu, Kisii au Nairobi. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limewaondolea wakazi wa ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza ulazima wa kusubiri kivuko kabla hata safari ya mpakani haijaanza.

Ramani za simu huonesha pia njia inayovutia kuliko zote: kutoka Serengeti moja kwa moja hadi Maasai Mara kupitia Bologonja. Njia hiyo haitumiki. Mpaka ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na ingawa mipaka mingine ilifunguliwa tena mwaka 1983, lango la Bologonja lilibaki limefungwa kwa wasafiri. Anayetaka kuziona hifadhi zote mbili huzunguka kwa Sirari au kwa Namanga. Vivyo hivyo, njia za panya zilizo kandokando ya vituo rasmi si chaguo la haraka kwa namna yoyote. Gari lililovushwa bila kupita forodhani linaweza kutaifishwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na mtu aliyevuka bila muhuri hana pa kuanzia anapoulizwa na askari kilomita 100 mbele.

Njia inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni Tarakea. Kutoka Himo kupitia Marangu na Rombo hadi Tarakea, kisha Oloitokitok na Emali, msafiri wa Dar es Salaam anayekwenda Nairobi huokoa makumi ya kilomita akilinganisha na Namanga, na lami ipo. Kwenye karatasi huu ndio mpaka wa karibu. Kwa vitendo, barabara ya Rombo hupita katikati ya vijiji vilivyoshikana, ambako mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni wa kisheria na ni wa lazima. Baada ya Emali gari huingia kwenye barabara kuu ya Mombasa na malori yake. Na kituo chenyewe ni kidogo, hivyo haifai kupanga kufika usiku. Kwa familia inayopita Rombo kusalimia, Tarakea ni chaguo zuri. Kwa anayekimbizana na saa, faida ya kilomita humalizwa na mwendo. Desemba ni hadithi nyingine kabisa: maelfu ya familia zinazokwenda Kilimanjaro kwa Krismasi huijaza barabara ya Segera, Same hadi Himo, na hapo hakuna mpaka wa kaskazini unaoweza kuitwa wa haraka.

Katika vituo vyote, kinachochelewesha gari binafsi mara nyingi ni gari lenyewe. Abiria mwenye pasipoti au hati halali ya kusafiria hupita kwa dakika chache. Gari huhitaji kadi halisi ya usajili, barua ya idhini ya mmiliki iwapo dereva si mmiliki, kibali cha forodha cha kuliingiza kwa muda, na bima inayotambuliwa nje ya nchi. Bima ya kawaida ya Tanzania huishia mpakani. Kinachohitajika ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua na kuitoa ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo, na hupatikana kwa kampuni za bima nchini kabla ya safari. Anayeitafuta kadi hiyo akiwa tayari kwenye maegesho ya Namanga ndiye anayeonekana akirandarandavibandani wakati waliofika baada yake wamekwisha kuondoka. Gari lenye mkopo wa benki au lililosajiliwa kwa jina la kampuni huhitaji barua mapema zaidi, kwani barua hiyo haitolewi siku ya Jumamosi jioni.

Watoto huhitaji hati zao wenyewe, na mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au ndugu ni vyema awe na ridhaa iliyoandikwa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huweza kuulizwa na maofisa wa afya, hasa kwa aliyepita nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Raia wa nchi za Jumuiya hawahusiki na idhini ya kielektroniki ya kuingia Kenya iliyoanza Januari 2024, lakini mgeni anayeishi Tanzania kwa pasipoti ya nchi nyingine anaweza kuhusika, na gari zima husubiri abiria mmoja ambaye hakuiomba.

Lipo jambo moja ambalo mamlaka za nchi zote mbili zinaweza kulifanya kabla ya mwaka 2027 bila kujenga chochote: kutangaza hali ya foleni ya kila kituo kwa saa. Kwa sasa msafiri hupata taarifa hizo kwa kumpigia simu dereva anayemfahamu. Siku ya mchezo Arusha au Nairobi, tangazo la mapema kwamba Namanga imeelemewa lingemfanya shabiki wa Moshi mwenye muda wa kutosha apitie Tarakea, na yule anayekwenda Mombasa baada ya mchezo ashike Holili badala ya kurudi nyuma.

Anayeingia Kenya kwa Namanga na kurudi kwa Holili au Horohoro hatendi kosa, mradi kibali cha gari kifungwe katika kituo anachotokea na nakala yake itunzwe. Kibali kilichobaki wazi katika mfumo wa forodha humsubiri mwenye gari hadi safari yake inayofuata.