Mirungi: Tuulize Kabla ya Kulaumu

Kijana anapofika kliniki mjini Moshi akilalamikia moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na huzuni asiyoijua chanzo, twampima shinikizo la damu, lakini ni nadra tumuulize kuhusu mirungi. Naye hasemi, kwa kuwa sheria imeipiga marufuku. Ukimya huo una gharama.

Mirungi hulimwa milimani Same, mkoani mwetu. Jani lake bichi lina kathinoni, kemikali iliyotambuliwa mwaka 1975, yenye undugu na amfetamini. Husukuma ubongo umwage dopamini. Ndiyo maana dereva wa usiku hujiona hachoki. Ekstasi, dawa ya ukoo huohuo, humwaga zaidi serotonini, inayosaidia kutuliza hisia na usingizi. Picha za ubongo wa watumiaji wakubwa wa ekstasi zimeonyesha upungufu wa visafirishaji vya serotonini, upungufu ambao huelekea kupungua baada ya kuacha kwa muda mrefu.

Basi si kweli kwamba ubongo wa mtumiaji umeharibika milele, wala jani la shambani si salama kwa kuwa halikutoka kiwandani. Anayeacha hupitia siku za uchovu, huzuni na ndoto mbaya. Akielezwa mapema kwamba hiyo ni njia ya kupona, huvumilia. Asipoelezwa, hurudi kutafuna.

Rai yangu kwa wenzangu, tangu zahanati za Marangu na Kibosho hadi hospitali za rufaa: swali hili liulizwe kila mgonjwa, kwa staha, na jibu libaki siri ya tiba.