Tusiutukane Mkuki

Kuna ada iliyoota mizizi katika mashairi yetu ya pwani, nami imenichosha. Mshairi akitaka kuchora ujinga, humshikisha mtu wa bara mkuki. Akitaka kuchora busara, humpa mtu wa mjini kalamu. Ulinganisho huu husomwa vikaoni, ukapigiwa makofi, asitokee wa kuuliza kama ni kweli. Mimi nasema si kweli, na ushahidi nautafuta Singida, mkoa ambao wengi wetu twaujua kwa alizeti na kuku tu.

Tuanze na lugha yetu. Wazee walikuwa na fumo, mkuki wenye bapa pana, na walikuwa na sagai. Fumo ndilo pia jina la enzi alilobeba Liyongo. Utaniambia hayo ni maneno mawili yaliyogongana sauti tu, sitagombana nawe. Lakini waliolitamka hawakuona aibu kulisikia pamoja na ncha yake.

Sasa twende bara. Baina ya mlima Hanang na nyanda za Singida wapo Wabarabaig, tawi la Wadatoga, majirani wa Wanyaturu na Wanyiramba. George Klima, aliyeandika kitabu juu yao mwaka 1970, ameeleza jinsi mtu aliyemwua simba au ndovu kwa mkuki alivyotunzwa ng'ombe na jamaa zake. Jamii haitoi ng'ombe kwa ajili ya ujinga. Wahunzi wa Kidatoga ndio pia huwafulia Wahadzabe vyembe vya mishale, wakalipwa kwa asali na nyama.

Kwa nini basi mwingine ashike mshale na mwingine mkuki? Hapa hesabu ni bora kuliko matusi. Mkuki wa gramu 800 ukitoka mkononi kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde hubeba nishati ya jouli 160. Mshale wa gramu 25, hata ukienda mita 45 kwa sekunde, hubeba jouli 25 tu. Mshale huua kwa ukali wa chembe chake na, mikononi mwa Mhadzabe, kwa sumu. Mkuki huua kwa uzito. Uzito huo una gharama yake: kuvuka mita 20 kwahitaji sekunde nzima, na swala hakupi sekunde. Simba aliyezingirwa atakupa, kwa kuwa anakujia wewe.

Tena lipo jambo ambalo mshairi angepaswa kulielewa kabla ya mtu mwingine yeyote, nalo ni mizani. Mkuki una kitovu cha uzito wake, na una mahali ambapo nguvu ya hewa huusukuma. Uzito ukiwa mbele, ncha hutangulia. Ukiwa nyuma, mkuki huinua pua, ukayumba, ukaanguka kwa ubavu. Mhunzi huliamua hilo kwa nyundo, kwa chuma anachokitia kichwani na kile anachokitia mkiani. Wakuu wa riadha waliliamua kwa kanuni: mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80, viwanja vikaonekana vifupi, na mikuki mingi ilikuwa ikitua chali na kuwagombanisha waamuzi. Mwaka 1986 kitovu cha mkuki wa wanaume kikasogezwa mbele sentimita 4.

Wasomi nao walikuwa na kejeli yao. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa mkuki wa kurushwa kwa mkono haufai kitu ukipita kama mita 8. Mwaka 2019 Annemieke Milks na wenzake waliwapa warushaji sita waliofunzwa mikuki ya mti iliyoigwa ile ya kale ya Schöningen, Ujerumani. Wakalenga shabaha hadi mita 20. Kasoro haikuwa ya mkuki. Ulikuwa umepimwa kwa mkono usiojua kuurusha, na ndivyo mashairi yetu yanavyoupima.

Wala hili si la Ujerumani peke yake. Mwaka 2013 Yonatan Sahle na wenzake walichunguza ncha za jiwe la kioo la volkano kutoka Gademotta, Ethiopia, wakaona nyufa zinazoashiria kurushwa, kwa umri usiopungua miaka 279,000. Mikuki ya Schöningen, iliyodhaniwa kuwa na miaka 300,000, kipimo kilichotangazwa mwaka 2025 kinaishusha hadi kama 200,000.

Atakayenijibu kuwa mkuki umemwaga damu ya watu, na wizi wa ng'ombe ameusikia, namjibu: na jambia je? Twamfunga bwana harusi kiunoni, tukaliita fahari. Damu ya chuma chetu tumeisamehe, ya chuma cha wenzetu tumeifanya tabia yao.

Na shuleni hali ni ile ile. Mtoto wa Singida anayerusha mkuki katika UMISSETA huambiwa mchezo huu umetoka Ugiriki. Ninachodai ni kidogo. Mikuki iliyomo katika makumbusho zetu iandikiwe uzito wake, urefu wake na mahali kitovu chake kilipo, badala ya jina la kabila tu. Na chuo kimojawapo kiende na utepe wa kupimia hadi Singida na Hanang, kiwape mkuki wazee waliopata kuurusha, kiandike mita walizofika. Mshairi akipenda, afuatane nao. Ila kwanza aushike mkuki, autafute mahali unapotulia juu ya kidole.