Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, lengo la kilo lisitoke kwenye picha ya harusi

Katika nyumba ambayo mama au baba amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ugomvi wa kwanza na mizani mara nyingi huanza wiki ya tatu au ya nne. Kilo zilikuwa zikishuka karibu kila siku, kisha mshale unaganda pale pale wiki nzima, pengine mbili. Aliyepasuliwa anaanza kuhofia kwamba fedha na maumivu vimekwenda bure. Mwenza wake naye, kwa nia njema kabisa, anauliza: "Mbona umesimama?"

Mwili haujagoma. Siku za mwanzo hutumia akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi. Maji yakitoka, kilo hushuka haraka. Akiba ikiisha, kasi hupungua na mizani inaweza kusimama kwa muda. Ni jambo la kawaida, na mtu akiendelea kufuata maelekezo uzito huanza tena kushuka.

Tatizo kubwa zaidi huwa limeanza kabla ya siku ya upasuaji, nalo ni lengo lenyewe. Wengi huingia hospitali wakiwa na namba moja kichwani, na namba hiyo imetoka kwenye picha ya harusi au gauni lililotundikwa kabatini tangu kabla ya mtoto wa kwanza.

Hesabu inayoshikika

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Katika wa kwanza, daktari huondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, na kuacha sehemu nyembamba iliyo kama mrija. Wa pili ni baipasi: hutengenezwa kifuko kidogo sana juu ya mfuko wa chakula, kisha huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Upasuaji huu ni tofauti na puto, ambalo huwekwa tumboni bila kukata kitu na huondolewa baada ya miezi kadhaa.

Kwa aina zote mbili za upasuaji, wengi hupoteza takriban robo hadi theluthi ya uzito wao wote, na sehemu kubwa hupotea ndani ya miezi 12 hadi 18.

Chukua mfano wa mama mwenye kilo 130 na urefu wa sentimita 165. Robo ya uzito wake ni kilo 32 na nusu. Theluthi ni kama kilo 43. Kwa hiyo, mambo yakienda vizuri, atajikuta kati ya kilo 87 na 98. Siku ya harusi alikuwa na kilo 65. Asipofanya hesabu hii mapema, siku atakayofika kilo 92 atalia kwa kujiona ameshindwa, wakati daktari wake anafurahia matokeo mazuri.

Kwa jedwali la uzito na urefu, mama huyo bado atahesabiwa mnene. Lakini mama wa kilo 92 aliyetoka kilo 130 si yule wa mwanzo. Kisukari chake kinaweza kuwa kimetulia, shinikizo la damu limeshuka, na usingizi umekuwa wa kweli badala ya kukoroma na kukatika pumzi usiku kucha. Jambo moja tu: dawa za kisukari na presha hupunguzwa au kusimamishwa na daktari, si na mgonjwa mwenyewe kwa sababu anajisikia nafuu.

Kilo chache zitarudi

Jambo la pili ambalo familia inapaswa kulijua mapema ni kwamba uzito hufika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kwa wengi hupanda kidogo. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia karibu watu 2,000 waliopasuliwa. Kundi la baipasi lilifika kwenye upungufu wa takriban asilimia 32 katika miaka miwili ya mwanzo, na baada ya miaka 10 likabaki kwenye asilimia 25.

Kwa mama wa mfano wetu, ni sawa na kushuka hadi kilo 88, kisha kurudi kwenye 97 au 98. Kilo tisa zimerudi, lakini zaidi ya 30 hazikurudi. Anayejua hivyo hataacha kliniki kwa aibu mwaka wa tatu. Asiyejua hujificha, na anayejificha ndiye anayerudisha nyingi zaidi.

Kinachorudisha kilo mara nyingi si sahani kubwa, kwani haiingii tena. Ni vitu laini na vitamu vinavyopita bila kushibisha: soda, juisi, chai ya maziwa yenye sukari nyingi, aiskrimu, biskuti. Kwa mzazi kuna mtego mwingine, wa kumalizia mabaki ya sahani za watoto. Tonge moja la wali hapa na kipande cha chapati pale, ikifika jioni amekula mlo mwingine bila kuketi mezani.

Malengo yasiyohitaji mizani

Kupanda mizani mara moja kwa wiki kunatosha. Siku nyingine kuna malengo yanayoonyesha ukweli vizuri zaidi, na mengi ni ya nyumbani: kuinuka mkekani bila kushikwa mkono, kufunga kamba za viatu, kupanda ngazi hadi darasani kwa mtoto bila kusimama njiani, kuketi daladala bila kulipia viti viwili.

Mezani, lengo la kila siku ni protini kwanza. Wataalamu wengi hushauri angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6, kwa hiyo mayai peke yake hayatoshi. Samaki, dagaa, kuku, maharage na maziwa yasiyo na sukari lazima yaingie. Mlo uliwe polepole, na maji yasinywewe pamoja na chakula bali yasubiri kama nusu saa. Vitamini na madini, kama B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D, ni vya maisha yote. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti ya nyumba kama ada ya shule, kwa sababu upungufu huja kimyakimya.

Ujauzito nao upangwe. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huweza kuongezeka, hata kwa aliyehangaika miaka mingi. Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie. Aliyefanyiwa baipasi azungumze na daktari kuhusu njia ya uzazi wa mpango, kwa kuwa vidonge vinaweza visifyonzwe vizuri.

Maneno ya nyumbani

Ipo mizigo ambayo kilo hazielezi. Nywele zinaweza kukatika miezi ya tatu hadi ya sita, na ngozi hulegea tumboni na mikononi. Majirani watanong'ona kwamba fulani anaumwa. Mawifi watasema amekwisha, na wengine watasema bado hajapungua kitu. Watoto wanasikia yote hayo, na ndipo wanapojifunza namna ya kuitazama miili yao wenyewe.

Ni vyema wazazi wawaeleze kwa lugha fupi: mama alikuwa anaumwa, amepasuliwa ili apone, sasa anakula kidogo kwa sababu tumbo lake ni dogo. Si kwa sababu chakula ni kibaya, wala kwa sababu watu wanene ni wabaya.

Mwenza naye ana kazi yake. Swali la "umebakiza kilo ngapi?" halimsaidii mtu ambaye mizani imeganda. Linalosaidia ni jingine: "Wiki hii umeweza nini ambacho mwezi uliopita hukuweza?" Hilo huwa na jibu hata wiki ambayo mshale haukusogea.