Shule ya kusaidia ndoa: tuulize mbele ya kulipa



Katika kalasi yetu ya sita iko dada mmoja ambaye tangu mwaka jana anasema wazi anachotaka: akipata diploma ya Serikali, atasoma kazi ya kusaidia ndoa na jamaa zenye taabu. Wengine walimcheka. Walisema: «Ile ni kazi ya wajomba na wachungaji, nani atakulipa?» Sisi hatukucheka. Kila mmoja wetu anajua nyumba ambamo baba na mama hawasemezani, na watoto ndio wanaobeba maneno toka chumba kimoja mpaka kingine. Wengine kati yetu tunatoka katika nyumba za namna ile.

Sasa neno lenyewe ni hili. Baba yake alipokea barua ya shule moja ya ngambo, iliyoletwa na mtu wa jamaa. Barua inasema: mwanafunzi aingie mara moja baada ya sekondari, amalize master kwa miezi 10, masomo yote kwa simu, na nusu ya feza ilipwe mbele. Baba ameanza kutafuta mnunuzi wa parsele. Dada akatuletea ile barua tuisome pamoja. Tuliisoma, tukauliza waalimu, tukatafuta. Tunatoa mawazo yetu hapa, maana kesho barua kama ile inaweza kufika kwenu.

Kwanza tujue masomo yenyewe ni nini. Marekani kazi hii ina sheria zake. Chama cha wenye kuifanya, AAMFT, kilianza mwaka 1942. Jimbo la California liliweka sheria ya ruhusa ya kazi mwaka 1963, na leo majimbo yote 50 yana sheria kama ile. Mtu haingii humo akitoka sekondari. Anasoma kwanza universite, kwa kawaida miaka 4, kisha master ya miaka 2 ao 3. Hata hapo hajamaliza: anafanya kazi bado chini ya mkubwa, anapita mtihani, ndipo anapewa ruhusa ya kufanya kazi peke yake. Basi barua ya miezi 10 imejihukumu yenyewe.

Wengi wanafikiri kuchagua shule ni kuangalia jina kubwa na picha za nyumba nzuri. Sisi tunakataa. Swali la kwanza ni hili: siku nitakapokuwa mbele ya mume na mke wenye kugombana, nani atakaa nyuma yangu? Wenzetu wa Pedagojia wataelewa upesi. Wanapokwenda staji katika shule ya msingi, mwalimu anakaa nyuma ya kalasi na daftari lake. Anaandika: hapa ulisema mbio, pale hukumwona mtoto aliyelala. Inauma, lakini bila lile daftari wangejua vitabu tu, kufundisha wasingejua. Na kazi ya jamaa iko vilevile. Ukikosa somo la hesabu, mtoto atarudilia kesho. Ukikosa neno mbele ya ndoa inayovunjika, pengine hakuna kesho.

Tena tunao mfano. Salvador Minuchin, mganga aliyezaliwa Argentina mwaka 1921, alipokea uongozi wa kliniki moja ya watoto mjini Philadelphia mwaka 1965. Yeye na wenzake walichukua watu wa mitaa ya maskini, wasio na diploma za juu, wakawafundisha kusaidia jamaa. Mwanafunzi aliketi na jamaa, na mwalimu alimwangalia kupitia kioo kinachoonyesha upande mmoja tu. Hatusemi diploma ni bure. Tunasema jicho la mwalimu ndilo linalofanya mfanyakazi, na shule isiyo na lile jicho inauza karatasi.

Swali la pili: nani amechunguza masomo yale? Marekani iko tume inayoitwa COAMFTE, yenye kuchunguza masomo ya kazi hii. Angalieni vizuri: universite inaweza kuwa na jina jema, lakini masomo haya ndani yake hayajapita mbele ya tume. Si kila jimbo linalazimisha tume hii, lakini mwenye kutoka mbali kama sisi asijitie katika giza bila sababu.

Swali la tatu: nitafanya kazi wapi? Kila jimbo lina masharti yake. Masomo yanayofaa hapa yanaweza kupungukiwa kule. Na mwenye kutaka kurudi Congo aulize mapema wizara ya masomo ya juu juu ya kulinganisha diploma ya ngambo na ya kwetu.

Swali la nne ni kwa masomo ya kwa intaneti. Ziko shule za kweli zinazofundisha hivyo. Lakini staji haifanywi hewani. Je, shule inakubali staji katika mji wetu, na mkubwa gani atanisimamia?

Swali la tano ni letu wenyewe. Huku ndoa si watu wawili tu. Iko mahari, wako wajomba, iko mama mkwe katika nyumba. Shule inayojua tu baba, mama na watoto wawili itatufundisha nusu ya kazi. Wazee wetu hawana diploma, lakini ile nusu nyingine wanaijua. Mwenye hekima atasoma kwa wote wawili.

Mawazo yetu kwa dada yetu ni haya: asirukie master. Apate kwanza lisansi hapa kwetu, miaka 3 katika mpango wa LMD, tuseme katika sikolojia. Universite ya Kisangani, kwa mfano, ina fakilte yake. Wakati ule ajifunze Kiingereza, na akae karibu na wenye kusikiliza watu wenye taabu. Halafu achague shule ya ngambo akiwa mtu anayejua anachotafuta.

Dada aliandika maswali yale matano, akampa aliyeleta barua. Mpaka leo jibu halijarudi. Baba amesema parsele haiuzwi kwanza. Wajinga si wale wanaouliza. Pengine kwa kuuliza tumeokoa uwanja wa jamaa moja, na moyo wa binti mmoja.

Wafinaliste wenzetu, barua ikija, tuisome pamoja.

Wanafunzi wa mwaka wa sita