Tuwaruhusu kofia watoto wenye ualbino



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mzinga, Morogoro.

Katika shule niliyofundisha awali nilikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino, darasa la tatu. Siku moja ya kupalilia shamba la shule alikuja na kofia. Nilimwamuru aivue kwa kuwa si sare. Kesho yake hakuonekana. Nilipomfuata nyumbani nilimkuta masikio na shingo vimetoka malengelenge. Mama yake hakunilaumu. Alikuwa amezoea lawama, maana ndugu wa mumewe walikwisha kumwambia kuwa mkosi huo umetoka kwenye ukoo wake.

Ndugu wasomaji, jambo hili tulielewe. Huku Uluguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, lakini ualbino hutoka pande zote mbili. Siku hizi nawafundisha wanafunzi wangu kwa maharage. Kila mzazi ana punje mbili, moja nyeusi na moja nyeupe. Yeye mwenyewe ni mweusi, kwani nyeusi moja inatosha. Mtoto hupokea punje moja kwa baba na moja kwa mama. Akipata nyeupe mbili, huzaliwa na ualbino. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto kama huyo. Mkosi uko wapi hapo?

Mtoto huyo hukosa melanini, rangi ya asili ambayo ni mwavuli wa ngozi. Jua humuunguza, na kuungua mwaka hadi mwaka huleta saratani ya ngozi. Macho yake pia hayaoni mbali vizuri. Hapa Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 1,400 ana ualbino, kwa hiyo walimu wengi watakutana nao.

Kila mwaka tarehe 13 Juni dunia huadhimisha siku ya watu wenye ualbino. Hotuba ni nzuri, lakini naiomba Serikali itoe agizo kwa shule zote: kofia pana na mikono mirefu vihesabiwe kuwa sare kwa watoto hawa, wapewe kazi za kivulini, na wakae dawati la mbele. Mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yaliyobuniwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, nayo yafike hadi kwenye zahanati za vijiji.

Mafuta yana gharama. Kofia ya ukindu na kivuli cha mwembe tunavyo tayari. Walimu wenzangu, tusingoje agizo. Mimi nilingoja mpaka mtoto akaungua.

Mwalimu,
Mzinga, Morogoro.