Tusimtukane Ng'ombe Wetu

Ng'ombe wa kienyeji ametukanwa mno katika nchi hii. Ameitwa mdogo, ameitwa bahili wa maziwa, na wapo waliokwisha kusema hadharani kwamba heri wote wauzwe, na mahali pao wawekwe ng'ombe wa Ulaya. Maneno hayo husemwa hata Babati, mji ambao siku ya mnada hula kwa jasho la ng'ombe huyo huyo. Sisi hatukubaliani nayo, na sababu yetu kubwa ni mdudu mdogo aitwaye kupe.

Mwenyeji wa Babati hana haja ya kufundishwa habari za ndigana kali. Ng'ombe huvimba tezi chini ya sikio na begani, homa humshika, huacha kula, hupumua kwa taabu, na mara nyingi haupiti mwezi ila povu limemtoka puani na mambo yamekwisha. Mwenezi wa ugonjwa huo ni kupe wa rangi ya kahawia apendaye masikio. Baada ya sotoka kufagia mifugo ya kusini mwa Afrika, Rhodesia ilinunua ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuwapitisha bandari ya Beira. Kufikia mwaka 1902 ndigana ilikuwa ikiwateketeza ng'ombe wa huko kwa maelfu. Ng'ombe wa huku walikuwa wamekwisha kuzoeana na adui huyo vizazi na vizazi. Wa kule hawakupata kumwona.

Kuzoeana huko si uganga. Kupe anapomuuma zebu, ngozi hujibu kwa ukali: huvimba, huwasha, na ng'ombe hujilamba na kujikuna mpaka kupe wengi wanadondoka kabla ya kushiba. Jike la kupe asiyeshiba hutaga mayai machache, na kwa hiyo malisho yenyewe hupungukiwa kupe msimu ujao. Nywele fupi zilizolala nazo husaidia. Ng'ombe wa Ulaya ngozi yake haijui ukali huo sana. Kupe hutulia juu yake kama mgeni aliyekaribishwa chakula. Lakini tuseme kweli yote: kumkataa kupe ni jambo moja, na kustahimili ugonjwa aulelao kupe ni jambo jingine. Ndama wa zebu nao hufa kwa ndigana. Wanaopona hubaki na kinga, na ndivyo kundi linavyodumu.

Tangu Babati ifanywe makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, mji umekua na haja ya maziwa imekua pamoja nao. Zebu hutoa lita moja au mbili kwa siku. Chotara aliyelishwa vizuri hutoa nane, kumi, hata zaidi. Basi mwalimu au karani akikopa fedha akanunua mtamba chotara, hatumlaumu hata kidogo. Tunalolalamikia ni kwamba huuziwa mtamba pasipo kuambiwa gharama yake. Mnyama huyo anataka kuogeshwa kila wiki. Fundi wa dawa asipokuja wiki tatu, au dawa ikichanganywa na maji mengi ili itoshe ng'ombe wengi, mtamba hufa, na mkopo haufi. Tena dawa iliyozimuliwa huwaua kupe dhaifu na kuwaachia uwanja wale wagumu. Afrika ya Kusini na Australia ziliona hayo tangu miaka ya 1930, kupe wa buluu walipoizoea sumu ya aseniki.

Waaustralia walifanya nini? Walileta damu ya zebu wa Brahman wakaichanganya na ng'ombe wao wa Kiingereza, wakapata aina mpya zinazomudu kupe wa Queensland. Wao walivuka bahari kutafuta kitu ambacho sisi tunakifukuza zizini! Na hapa nyumbani, huko Mpwapwa, tangu miaka ya 1940 wataalamu walichanganya zebu wetu, ng'ombe wa Bara Hindi na damu kidogo ya Ulaya, wakapata ng'ombe wa maziwa na nyama anayeiweza nchi kavu. Ni Watanzania wangapi wamepata kumwona ng'ombe wa Mpwapwa?

Ipo pia chanjo ya ndigana iliyobuniwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970. Wafugaji wa kaskazini wameipokea vizuri, nasi twaisifu. Lakini haizuii ndigana baridi, wala kukojoa damu, wala maji moyo, magonjwa ambayo nayo yaletwa na kupe. Asemaye kwamba chanjo imemaliza kazi ya ngozi ya zebu amesema haraka mno.

Mfugaji mzee wa Kiiraqw, wa Kigorowa au wa Kibarbaig anajua jambo ambalo vitabu vimelithibitisha baadaye: katika kundi moja, ng'ombe wachache hubeba kupe wengi, na wengine hubaki karibu safi katika malisho yale yale. Tabia hiyo hurithiwa. Hata hivyo fahali safi huhasiwa au hupelekwa mnadani kwa sababu ameshiba na bei yake ni nzuri, na dume la mbegu huwa yule aliyebaki.

Kwa hiyo twataka Halmashauri ya Babati na vyama vya ushirika vifanye jambo lisilo na gharama kubwa. Kila Bwana Mifugo wa kata apewe daftari, ahesabu kupe masikioni mwa madume wakati wa masika, na dume safi lisiuzwe mnadani kabla ya kuacha uzao. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, si mbali. Mbegu za madume hayo zichukuliwe huko, ili mwalimu na karani wanaotaka chotara wampate yule ambaye mama yake ni zebu aliyechaguliwa. Masika yajayo daftari liwe mkononi.